Kilicho Kati Yenu Wawili

Hotuba hii niliitoa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa jamii wa Tononoka, Mombasa, mbele ya makocha wa timu za mitaani, wachezaji na wazazi wao. Wapo waliokuwa na mechi siku hiyo wakaniomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Assalaam aleykum. Hamjambo?

Wazee wangu, shikamooni. Makocha wenzangu, kina mama mliowasindikiza watoto, na nyinyi vijana mliobanana kule nyuma karibu na mlango: ahsanteni kwa kuja. Najua joto la humu ndani. Sitawaweka sana, lakini nina jambo zito kifuani na leo nataka kulitua.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na beki wa kulia, mtoto wa Majengo, miaka 16. Mwepesi, mtiifu, hakosi mazoezi. Siku moja tukacheza na timu ya ng'ambo ya daraja la Nyali. Winga wao wa kushoto akampita mara 5 kabla ya mapumziko. Mara 5, na kwa mtindo uleule: anapokea mpira, anapunguza mwendo mpaka karibu anasimama, anamtazama mtoto wangu usoni, halafu anachomoka. Mapumziko yalipofika nikamkemea mbele ya wenzake. Nikamwambia amelala, hana moyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Kocha, sasa nifanyeje?"

Sikuwa na jibu. Kipindi kizima macho yangu yalikuwa kwake yeye tu. Niliona miguu yake, niliona makosa yake, nikayahesabu. Ungeniuliza yule winga alikuwa akifanya nini sekunde 2 kabla ya kuchomoka, nisingejua. Nikamtoa, nikamwingiza mwingine, na huyo mwingine naye akapitwa. Yule wa kwanza hakurudi tena mazoezini.

Swali lake nimelibeba miaka yote hii. Nimesoma, nimeuliza, nimekaa nyasini nikatazama mechi za watoto na za watu wazima, na leo nataka kumjibu hata kama hayumo humu.

Sisi makocha tumezoea kuuliza: mchezaji wangu kafanya nini? Tukijitahidi sana tunauliza: mpinzani kafanya nini? Yote mawili ni nusu nusu. Mchezo hauko kwako peke yako, wala hauko kwake peke yake. Uko kati yenu. Alichofanya yeye kimezaa ulichofanya wewe, na ulichofanya wewe kitazaa atakachofanya yeye. Ukimtazama mmoja tu, umekuwa kama mtu anayemsikiliza mwenzake akizungumza kwa simu: majibu unayasikia, maswali huyasikii.

Na hili kwetu si geni. Nani humu hajawahi kukaa barazani akawatazama wazee wakicheza bao? Mashimo 32, kete 64, kila mtu na kete zake 32. Anayejifunza hutazama safu zake mbili tu, anahesabu zake, anafurahia zake. Fundi hachezi hivyo. Fundi anajua kwamba bao lina sheria yake: ukiwa na la kula, lazima ule, huna ruhusa ya kutakata, yaani kutembeza kete bila kula. Kwa hiyo anakuachia kete mahali makusudi. Unakula, unacheka, watu wanapiga kelele, na kete zako zinapomaliza kuzunguka ndipo unapoona umemfungulia mlango. Mkono uliotembeza kete ulikuwa wako, lakini mwendo ulikuwa wake.

Je, uwanjani tunawafundisha watoto hivyo? Tunawafundisha kukimbia wakizunguka koni. Jamani, koni haina macho. Koni haikujibu. Mtoto anaweza kuipiga chenga koni miaka 3, siku akisimama mbele ya binadamu anayemtazama, anakuwa kama hajawahi kucheza mpira.

Hebu tuanze na umbali, maana ndio ulionishinda mimi siku ile.

Watafiti wa Ureno waliwarekodi vijana wa raga, watoto wa miaka 11 na 12, wakikabiliana mmoja kwa mmoja: huyu ana mpira, yule anamkaba. Wakapima mambo mawili, umbali kati yao na tofauti ya kasi zao. Wakiwa mbali, hakuna kilichokuwa kimeamuliwa. Lolote liliweza kutokea. Walipoingia ndani ya mita 4 hivi, mambo yalibadilika. Hapo kilichoamua ni nani anaongeza mwendo kumshinda mwenzake wakati ule. Mwenye mpira akiingia kwenye eneo lile kasi yake ikipanda na ya mkabaji ikishuka, amepita. Mkabaji akiingia na mwendo wake, amemzuia.

Mmeliona jambo hilo? Sasa rudini nami kwenye ile mechi. Kwa nini yule winga alipunguza mwendo mpaka karibu asimame? Mimi nilidhani ni maringo. Hayakuwa maringo. Alikuwa anamsimamisha mtoto wangu! Alijua kwamba beki hujipima kwa mwendo wa winga: winga akienda, naye anakwenda, winga akipoa, naye anapoa. Akampoza. Wakabaki wawili wamesimama, hatua mbili kati yao, na mtu mmoja tu ndiye anayejua safari inaanza saa ngapi. Hapo mashindano yalikuwa yamekwisha kabla hajagusa mpira.

Na mtoto wangu hakuwa amelala. Hilo ndilo linaloniuma. Alikuwa akifanya kile nilichomfundisha: simama mbele yake, usijitupe, subiri. Alisubiri. Nilimfundisha kusubiri, sikumfundisha asubiri akiwa kwenye mwendo gani na kwa umbali gani.

Kwa hiyo, mwanangu, popote ulipo, ungefanya hivi. Mfikie mpira ukiwa njiani, kabla hajautuliza. Ukichelewa, usisimame bapa. Geuza bega, mguu mmoja mbele, rudi nyuma taratibu huku miguu haijalala, mpe upande mmoja unaoutaka wewe, na akipoa usipoe naye. Akisimama, wewe ndiye umguse kwanza: jifanye unaingia, toka. Mpe na yeye swali la kujibu. Ni hayo tu. Yangechukua dakika 3 kuyasema wakati wa mapumziko, nami nilizitumia dakika 3 zile kumvunja moyo.

Mabondia wetu mlioko hapa, nyinyi hili mnalijua kwa mwili. Kuna utafiti uliofanywa kwa mabondia wakipiga begi, wakasogezwa mbali na karibu kulingana na urefu wa mikono yao. Wakiwa mbali, ngumi ni ya moja kwa moja, hakuna nyingine inayofika. Wakiwa karibu sana, ya moja kwa moja inakufa, zinabaki za kutoka chini na za kuzungusha. Katikati, kwenye kama sehemu 6 kati ya 10 za urefu wa mkono, ngumi za kila aina zinawezekana. Kila aina! Sasa fikiria maana yake ulingoni. Mwenye mkono mrefu na mwenye mkono mfupi hawana katikati moja. Anayefanikiwa kuupanga umbali amempangia mwenzake ngumi za kupiga. Ukimwona bondia wako anarusha ngumi ya moja kwa moja tu raundi nzima, usimkemee kwamba hajui nyingine. Tazama amewekwa umbali gani, na aliyemweka hapo ni nani.

Naingia kwenye mdundo, na hapa nitapita haraka.

Tarehe 16 Agosti 2009, Berlin, Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58, rekodi ya dunia. Pembeni yake alikuwa Tyson Gay, akamaliza kwa 9.71. Watafiti walizichukua picha za mbio zile wakahesabu hatua kwa hatua. Bolt ni mrefu zaidi, hatua zake ni ndefu na chache. Kwa hesabu, miguu yao isingekuwa na sababu ya kukutana. Lakini katika vipindi fulani vya mbio zile miguu ilikuwa ikikanyaga pamoja, huyu na yule, bila wenyewe kukusudia. Watu wawili wanaopigania kushindana, na miili yao inacheza ngoma moja!

Ikiwa wanaokimbia bila kugusana wanavutana hivyo, itakuwaje kwa wanaorudishiana mpira? Mtu anayeitwa Tim McGarry na wenzake walianza katika miaka ya 1990 kuchunguza skwoshi kwa jicho hili. Wachezaji wawili wanazunguka katikati ya kiwanja kama watu wawili wanaopishana kwenye mlango: huyu anatoka, yule anaingia. Mwendo unatulia, unakwenda, unakwenda, mpaka pigo moja linauvunja. Baada ya pigo lile mmoja anachelewa nusu hatua, halafu hatua, halafu mpira umekufa. Kumbuka: pigo lililoua mara nyingi silo la mwisho. Lililoua lilipigwa mapigo mawili matatu nyuma, lile lililovunja mdundo. Sisi tunashangilia la mwisho.

Waliowahi kutazama kirumbizi, fimbo kwa fimbo na zumari likilia, wanajua ninachosema. Fimbo haikupigi ukiwa umeingia kwenye mdundo. Inakupiga pale mwenzako anapoutoka na wewe ukabaki humo.

Sasa nije kwenye penalti. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo tunapolia kila msimu.

Mita 11. Mpira uliopigwa vizuri unafika langoni kwa chini ya nusu sekunde. Kipa akisubiri auone umekwenda wapi ndipo aruke, ule wa pembeni umempita. Kwa hiyo kipa lazima aamue mapema, na mpigaji naye anajua hivyo. Anajua. Na kipa anajua kwamba anajua. Hii ndiyo bao ya kete moja.

Mnamo 2003 mchumi wa Hispania, Ignacio Palacios-Huerta, alichapisha uchunguzi wa penalti 1,417 za wachezaji wa kulipwa. Aliuliza: hawa watu wanachanganya pande kwa namna ambayo mpinzani hawezi kuikamata? Akakuta kwamba, kwa ujumla, ndiyo. Wanapiga kulia na kushoto kwa kiasi ambacho kila upande unawalipa sawasawa, na ulipopigwa mkwaju wa mwisho hapakuambii utakapopigwa unaofuata. Si jambo dogo. Mwambie mtoto akuandikie kulia na kushoto mara 20 bila mpango. Utaona anabadilisha mno, anaogopa kurudia upande mmoja mara 3, maana anadhani kurudia si bahati nasibu. Kuchanganya kwa kweli ni kazi, lazima kufanyiwe mazoezi.

Makipa ndio wanaoshikwa hapo. Utafiti mwingine, wa 2014, ulitazama mapigo ya penalti ya kuamua mshindi katika Kombe la Dunia na Kombe la Mataifa ya Ulaya tangu 1976 hadi 2012. Mikwaju ikifuatana upande mmoja mara 3, makipa walielekea kurukia upande wa pili safari inayofuata, wakijiambia kwamba "sasa itakuwa zamu ya huku." Mpira hauna zamu. Na cha kushangaza zaidi, wapigaji hawakuutumia udhaifu huo. Makipa waliacha mlango wazi, hakuna aliyeingia, kwa sababu kila mpigaji alikuwa anafikiria mkwaju wake mwenyewe peke yake. Wapigaji watano kutoka timu moja wanamkabili kipa mmoja, na hawajaona kwamba kwa yule kipa wao ni mpinzani mmoja.

Wapo pia watafiti walioangalia penalti 286 na kuchapisha mwaka 2007. Mipira karibu 29 katika kila 100 ilipigwa katikati. Makipa waliobaki katikati walikuwa 6 tu katika kila 100. Kwa nini? Nimewauliza makipa wangu, na jibu lao ni lile ambalo watafiti waliliwazia. Kipa akiruka akakosa, watu husema: alijitahidi. Akisimama mpira ukaingia pembeni, watu husema: huyo ameganda. Jamani, tunaona? Yule kipa hachezi na mpigaji tena. Anacheza na sisi tuliosimama nyuma ya lango. Kelele zetu zimemwamulia pa kuruka. Makocha, wazazi, hili ni letu.

Na aliyelijua kabla ya watafiti ni Antonín Panenka. Belgrade, Juni 20, 1976, fainali ya Ulaya, Chekoslovakia na Ujerumani Magharibi. Akija kupiga mkwaju wa ubingwa, mbele yake Sepp Maier, kipa bingwa wa dunia. Maier akaruka, Panenka akaudokoa mpira taratibu katikati ya lango, ukaingia ukielea. Alimjibu mtu, hakulijibu lango. Lango halibadiliki: futi 24 kwa 8 kila siku. Mtu ndiye anayebadilika.

Sasa nisikilizeni hii ya Jens Lehmann, kipa wa Ujerumani, maana wengi wanaijua nusu. Juni 30, 2006, Berlin, robo fainali ya Kombe la Dunia, Ujerumani na Argentina, sare ya 1 kwa 1, penalti. Kocha wa makipa, Andreas Köpke, amemwandikia Lehmann kwa penseli, kwenye karatasi ya hoteli, majina ya wapigaji wa Argentina na tabia zao. Lehmann anaificha ndani ya soksi. Kabla ya kila mkwaju anaichomoa, anaisoma, anairudisha. Roberto Ayala alikuwemo kwenye orodha, na mkwaju wake ukazuiwa. Hadithi inayosimuliwa mitaani inaishia hapo: andika tabia za watu, utashinda.

Lakini wa mwisho alikuwa Esteban Cambiasso. Lehmann akaichomoa karatasi, akaitazama kwa muda mrefu. Jina la Cambiasso halikuwemo. Halikuwemo kabisa! Karatasi haikumwambia lolote kuhusu mtu yule. Ila Cambiasso angejuaje? Alichokiona ni kipa anayesoma. Mkwaju ukazuiwa, Ujerumani ikapita kwa 4 kwa 2. Siwezi kuingia kichwani mwa Cambiasso nikawaambia alifikiria nini. Ninachosema ni kwamba karatasi ileile ilifanya kazi mbili: kwanza ilimpa kipa habari za mpigaji, halafu ikampa mpigaji jambo la kufikiria juu ya kipa.

Hapo ndipo penye fundisho kwa kipa wa Kisauni asiyekuwa na kocha wa makipa wala kamera. Hata usipomjua anayepiga, yeye hajui kwamba humjui.

Nisogee kidogo. Mpaka sasa nimezungumzia wawili wanaotazamana. Je, unaweza kumvuta mpinzani akatoka kwenye mchezo wake kabisa?

Wazee wangu mtakumbuka 1968, Olimpiki ya Mexico. Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1500. Mwaka mmoja nyuma, Los Angeles, alipoiweka rekodi ile, aliyemwacha nyuma alikuwa Kipchoge Keino wetu. Kwa hiyo walikuwa wanajuana. Keino alijua tabia ya Ryun: hukaa nyuma, hutulia, halafu mzunguko wa mwisho hufyatuka na hakuna wa kumfuata. Ungefanyaje na mtu kama huyo? Kumsubiri mpaka mwisho ni kwenda kupigania kwenye uwanja wake.

Wakenya hawakumsubiri. Ben Jipcho alitoka mbele kama anakimbia mita 400, mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56 hivi, kwenye mji ulio juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, ambako pumzi haipatikani. Keino akapokea, akaendelea kuvuta. Ryun akakabiliwa na swali ambalo hakulizoea: niwafuate nife, au nibaki waende? Alibaki. Aliamini watachoka. Alipofyatuka kama desturi yake, alifyatuka kweli, akawapita watu, lakini Keino alikuwa mbali. Dakika 3, sekunde 34.91, karibu sekunde 3 mbele. Tabia ya Ryun haikuharibika. Ilibaki ileile nzuri, ikanyang'anywa mahali pa kufanyia kazi.

Muhammad Ali naye, Kinshasa, Oktoba 30, 1974: George Foreman alizoea kumaliza watu mapema, Ali akajiegemeza kwenye kamba akampa mikono na mbavu apige, raundi baada ya raundi, mpaka ya 8 akamwangusha. Mpiga ngumi ukutani huumiza mkonowe. Hiyo mnaijua, siirudii.

Ninayotaka kuirudia ni ya hapa kwetu, maana wengi tulikuwepo. Machi 24, 2007, uwanja wa gofu kule karibu na bahari, mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Mnakumbuka jua lile? Mnakumbuka fukuto? Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa bingwa wa miaka 5 mfululizo, 2002 hadi 2006. Kilomita 12. Wakabaki mbele yeye na Zersenay Tadese wa Eritrea. Sisi tulikuja kuwashangilia vijana wetu, lakini wale wawili walituteka macho. Raundi ya mwisho Bekele akatoka njiani. Bingwa! Akasimama kando. Tadese akaenda kushinda peke yake, Moses Mosop wetu wa pili, Bernard Kipyego wa tatu.

Watu walisema joto ndilo lililomshinda Bekele. Ni kweli, na si kweli yote. Joto lilimpiga Tadese pia. Jua la Mombasa halichagui. Joto ukiwa peke yako unalipunguzia mwendo. Joto ukiwa na mtu asiyekubali kupunguza, pembeni yako, hatua kwa hatua, huna ruhusa hiyo. Kilichomtoa Bekele, kwa maoni yangu mimi niliyesimama kwenye kamba siku ile, ni vitu vitatu vilivyoshikana: yeye, Tadese, na jua letu. Ukiondoa kimoja, labda tungeshuhudia taji la sita. Ndiyo maana nasema timu zetu za Pwani zina mpinzani wa tatu anayetufahamu sisi kuliko wageni, na bado tunacheza saa 8 mchana kwa mwendo uleule wa wanaotoka bara, tukimwachia mgeni apumzike anapotaka. Kwa nini? Nauliza kwa uchungu: kwa nini?

Nakaribia kumaliza, lakini makocha wameniomba kitu cha kwenda nacho nyumbani. Ninacho kimoja, ni daftari.

Zamani nilikuwa naandika: fulani amepoteza mpira mara 9. Sasa nimechora mistari, nina safu tatu. Ya kwanza: mpinzani alifanya nini. Ya pili: wetu alijibu nini. Ya tatu: mpinzani akafanya nini baada ya jibu letu. Siandiki kila kitu, nitachanganyikiwa. Nachagua watu wawili tu kwa mechi, mmoja wetu na mmoja wao, nawaandika dakika 20. Safu ya tatu ndiyo dhahabu. Kama baada ya jibu letu mpinzani anafanya yaleyale, basi jibu letu halikuwa jibu.

Msimu uliopita msichana mmoja anayedaka langoni kwetu aliniomba daftari akawa anajaza mwenyewe, akiwa benchi. Akagundua kwamba mshambuliaji wa timu moja, kila anapofuatwa na beki upande wa kulia, hugeuka kushoto apige. Lakini beki akikaa mbali, hapigi kabisa, anatafuta pasi. Mimi nilikuwa nimemwona mshambuliaji huyo mara 4 nikaandika "hatari, mguu wa kushoto." Msichana yule wa miaka 15 aliona kwamba mguu wa kushoto tulikuwa tunauamsha sisi wenyewe. Mechi ya marudiano tukamwachia nafasi. Akatoa pasi mpaka mwisho wa mchezo.

Na wazazi, neno moja. Mkiwatia watoto chuki ya mpinzani mnawapofusha. Mtu unayemchukia humtazami sawasawa. Paul Tergat alishindwa na Haile Gebrselassie kwenye mita 10,000 za Atlanta 1996, akashindwa tena Sydney 2000 kwa sekunde 0.09, chini ya kufumba na kufumbua. Tergat akahamia barabarani, mwaka 2003 akaweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin. Miaka 4 baadaye aliyeivunja, palepale Berlin, ni Haile. Muwaondoe mmoja wao kwenye historia, mnadhani huyo mwingine angefika alikofika?

Basi. Saa 11 na nusu sasa, na adhana ya magharibi bado. Naomba tutoke nje uwanjani, sote, na wazee pia, viti vitabebwa. Koni ziacheni humu ndani, leo hatuzihitaji. Wewe mwenye jezi ya kijani chukua mpira, na wewe mrefu uliyesimama mlangoni, utamkaba. Simameni mita 10, mkitazamana. Nyinyi wengine mtazunguka duara. Msitazame mpira, wala msimtazame mnayemshangilia. Tazameni nafasi iliyo kati yao, na yeyote atakayeona imebadilika, kabla mmoja hajapita, apige kofi moja.